Prosesa imeingia, mashine haiwaki

Kwenye maduka ya kompyuta za mtumba Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, si ajabu kukuta mashine ya ofisi iitwayo HP Compaq 6200 Pro. Ilitoka mwaka 2011, imetumika Ulaya miaka kadhaa, kisha ikapandishwa meli. Mara nyingi huja na prosesa ya Intel Core i3 au i5 ya kizazi cha pili. Mwenyewe akishaizoea anaanza kutamani kuipandisha hadhi, na duka la jirani lina Core i5-3470 ya kizazi cha tatu kwa bei inayozungumzika. Fundi analinganisha: soketi ya bodi ni LGA 1155, prosesa nayo ni ya LGA 1155. Vituo vya umeme vilivyo chini yake vina idadi ileile, vipengele vya pembeni vinafuatana, inakaa bila kulazimishwa. Anapaka mafuta ya kupoozea, anarudisha feni, anawasha. Feni inazunguka. Kioo cheusi.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mnunuzi anasema kauziwa prosesa mbovu, muuzaji anasema fundi kaiunguza. Lakini prosesa ni nzima, na bodi ni nzima pia. Iliyokataa ni chipu nyingine, iliyojificha chini ya kipande kidogo cha alumini mbali kidogo na soketi, na jina lake ni Q65. Intel waliamua kwamba chipseti tatu za ofisi za kundi hilo, yaani Q65, Q67 na B65, hazitapokea prosesa za kizazi cha tatu. Ndugu zake wa tumbo moja, H61, P67 na Z68, waliruhusiwa, mradi tu mtengenezaji wa bodi atoe toleo jipya la BIOS. Wote walitoka katika familia moja ambayo Intel waliipa jina la Cougar Point.

Mhandisi akiulizwa kwa nini prosesa fulani haikubaliani na ubao mama fulani, atataja volti, pini, aina ya RAM. Kwa miaka mingi majibu hayo yalitosha. Ila ukiifuata historia ya chipseti tangu mwanzo unaona jambo la kushangaza: kadiri kazi zake zilivyopungua, ndivyo mamlaka yake ya kukataa yalivyokua. Iliajiriwa kama kibarua wa mizigo, leo ni mlinzi wa geti.

Kompyuta ya IBM iliyoingia sokoni Agosti 1981 haikuwa na chipseti kabisa. Ilikuwa na prosesa ya Intel 8088 yenye kasi ya megahezi 4.77, na kuizunguka palikuwa na chipu mojamoja, kila moja na shughuli yake. Ile ya 8259 ilipanga foleni ya vifaa vinavyotaka kusikilizwa na prosesa. Ya 8237 ilihamisha data kutoka diski kwenda kwenye kumbukumbu bila kuisumbua prosesa, 8253 ilishika saa, 8255 ilishughulikia kibodi na swichi. Baina yao palijaa chipu ndogondogo za kuunganisha ishara. Karibu kila kitu kilipatikana dukani, kwa hiyo yeyote mwenye mtaji angeweza kuiga mashine ile. Kilichomkwamisha ni mambo mawili: kuandika BIOS yake mwenyewe bila kuiba ya IBM, na kupanga makumi ya chipu kwenye bodi moja bila kukosea waya.

Tatizo la pili lilitatuliwa na kampuni changa ya California, Chips and Technologies, iliyoanzishwa na Gordon Campbell katikati ya miaka ya 1980. Waliichukua IBM AT ya mwaka 1984, iliyotumia prosesa ya 80286, wakaunganisha shughuli za chipu zake nyingi ndani ya chipu chache kubwa na kuziuza kama seti. Tangu hapo hata karakana ndogo ya Taipei, isiyo na jeshi la wahandisi, iliweza kuchapa bodi ya AT. Zikafuata OPTi, SiS, UMC, ALi na VIA, nyingi zikiwa za Taiwan, na bei ya kompyuta ikaporomoka dunia nzima. Intel nao waliinunua Chips and Technologies mwaka 1997, lakini wakati huo walikuwa tayari wanatengeneza chipseti zao wenyewe na walishajua utamu wake: anayeuza prosesa na chipseti kwa pamoja ndiye anayeamua bodi itaishi muda gani.

Kabla hawajaufaidi utamu huo sawasawa palikuwa na Soketi 7, na mimi naiona kuwa ndiyo zama bora za kuchanganya vifaa. Ilitoka mwaka 1995 ikiwa na matundu 321. Ndani yake iliingia Pentium ya Intel, K5 na K6 za AMD, 6x86 ya Cyrix, hata WinChip ya IDT. Kampuni nne zinazogombana sokoni zilikaa kwenye kiti kimoja, na mnunuzi aliyeishiwa pesa aliweza kuanza na ya bei rahisi halafu akabadilisha baadaye bila kutupa bodi.

Gharama ya uhuru huo ilikuwa jampa. Hivi ni vikofia vidogo vya plastiki, vyenye chuma ndani cha kuunganisha pini mbili za bodi. Kwa jampa ulipanga volti ya prosesa, ukapanga mwendo wa bodi, kisha kizidishio cha kupata mwendo wa prosesa yenyewe. Ukikosea volti, unasikia harufu. Na prosesa zenyewe zilikuwa na ujanja wao. Pentium MMX ya megahezi 233 ilihitaji kizidishio cha 3.5 juu ya megahezi 66, lakini bodi nyingi za zamani hazikuwa na nafasi hiyo. Intel wakaifanya prosesa iisome jampa ya 1.5 kana kwamba imeandikwa 3.5. AMD nao, kwenye K6-2 za baadaye, wakaifanya nafasi ya 2 isomeke 6. Kwa hiyo bodi iliyotengenezwa kabla K6-2 haijabuniwa, ikiwa tu inaweza kutoa volti 2.2, iliweza kuendesha prosesa ya megahezi 400. Bodi haikujua chochote, ilifuata jampa tu. Mara nyingi nadhani huo ndio upatanifu wa kweli: wabunifu wawili wasiojuana, mmoja akijibana ili kazi ya mwenzake isipotee.

Si kwamba chipseti za wakati ule hazikuwa na mitego. Intel 430TX ya mwaka 1997 ilisifiwa sana, lakini akiba yake ya haraka ilihudumia megabaiti 64 za RAM tu. Aliyeongeza RAM hadi megabaiti 128 alishangaa kuona mashine inazidi kuwa nzito badala ya kuchangamka.

Mwaka huohuo Intel wakaondoka kwenye kiti cha pamoja. Pentium II haikuwa na pini tena, ilikuja ndani ya kasha refu linalochomekwa wima kwenye mfereji ulioitwa Slot 1, nao ulikuwa chini ya hataza za Intel. AMD na Cyrix hawakualikwa. AMD wakaendelea na Soketi 7 kwa kuiongezea mwendo hadi megahezi 100, wakisaidiwa na chipseti za VIA na ALi, kisha mwaka 1999 wakatoka na Athlon kwenye Slot A. Mfereji wa Slot A ulikuwa ni plagi ileile ya Slot 1 iliyogeuzwa upande wa pili, ili watengenezaji wa bodi wasitafute kifaa kipya, lakini lugha ya umeme ndani yake ilitoka kwa prosesa ya Alpha ya kampuni ya Digital. Umbo lilifanana, mazungumzo hayakufanana hata kidogo. Tangu hapo ukinunua prosesa umechagua na chipseti.

Katika enzi hiyo ilitoka chipseti ambayo mafundi wa umri fulani huitaja kwa heshima: Intel 440BX, ya Aprili 1998. Rasmi ilikuwa ya megahezi 100. Watu wakaisukuma hadi 133 nayo ikavumilia, ingawa kadi ya picha ililazimika kukimbia na megahezi 89 badala ya 66, na kadi dhaifu zilikata tamaa. Iliyotakiwa kuirithi, i820, ililetwa mwaka 1999 ikiwa imefungwa na RAM ya aina ya RDRAM, iliyokuwa ghali mno. Ili kupoza malalamiko, Intel wakaongeza chipu ya kutafsiri kati ya i820 na RAM ya kawaida, na chipu hiyo ikawa inazimisha mashine ovyo. Mei 2000 wakalazimika kutangaza kwamba bodi hizo zirudishwe. Waliobaki na BX zao walikaa wakitabasamu. Mpaka leo ukifungua mashine pepe ya VMware ndani ya seva ya benki au ya chuo kikuu, programu itakuambia kwamba bodi yake ni 440BX. Chipu imekufa, jina linaendelea kupokea mshahara.

Haki itendeke: kuna kukataa kwa aina nyingine ambako hakukuwa na hila. Soketi 370 ilidumu miaka michache tu lakini ilipitiwa na vizazi vitatu vya prosesa. Cha mwisho, Tualatin ya mwaka 2001, kilikuwa na pini 370 kama vingine, kikachomekwa kwenye bodi za zamani, kikagoma. Ishara kati ya prosesa na chipseti zilikuwa zimeshuka kutoka volti 1.5 hadi 1.25, na chipseti ya zamani haikuweza kunong'ona kiasi hicho. Huo ulikuwa umeme, na umeme haubembelezwi. Hata hivyo vilitokea viunganishi vya kuwekwa katikati, na wapo waliozungusha nyaya nyembamba kwenye pini kwa mkono.

Chipseti ya nyakati hizo kwa kweli ilikuwa vipande viwili. Cha juu, kilichoitwa daraja la kaskazini, kiliunganisha prosesa na RAM na kadi ya picha. Cha chini, daraja la kusini, kilishika diski, USB, sauti na mengineyo ya polepole. Kaskazini ndiko kulikokuwa na kazi nzito na joto, na ndiko ushindani wa VIA, SiS na baadaye NVIDIA ulikokuwa: aliyejua kuipata RAM haraka ndiye aliyeshinda vipimo vya magazeti. Ukibadilisha aina ya RAM, ulibadilisha chipseti na prosesa ikabaki ileile.

Mwaka 2003 AMD waliling'oa daraja hilo. Opteron na Athlon 64 zilikuja na msimamizi wa RAM ndani ya prosesa yenyewe. Intel walifanya hivyo Novemba 2008 na Core i7 ya kwanza, na Septemba 2009 wakaingiza ndani na njia za kadi ya picha. Daraja la kaskazini likatoweka. Kilichobaki kwenye bodi ni chipu moja ya milango: SATA, USB, mtandao, sauti. Wahandisi walipata faida kubwa ya kasi, na wanunuzi wakapoteza kitu ambacho hawakukitambua mara moja. Sasa aina mpya ya RAM ilimaanisha prosesa mpya, na mara nyingi soketi mpya. AMD walijaribu kulipunguza hilo mwaka 2009 kwa kuzipa prosesa zao za AM3 uwezo wa kusoma DDR2 na DDR3 zote mbili, hivyo zikaingia hata kwenye bodi za AM2+.

Washindani wa chipseti wakayeyuka. VIA walikuwa wameshapelekana mahakamani na Intel kuhusu haki ya kutengeneza chipseti za Pentium 4, kesi iliyomalizwa kwa makubaliano mwaka 2003. NVIDIA waligombana nao mwaka 2009 kuhusu leseni ya prosesa mpya, na Januari 2011 Intel wakakubali kulipa dola bilioni 1.5 kumaliza mgogoro. Pesa ilikuwa nyingi, lakini NVIDIA hawakurudi kutengeneza chipseti za prosesa hizo. Geti lilibaki na mlinzi mmoja kila upande.

Mwezi huohuo wa Januari 2011 mlinzi wa Intel aliumwa. Iligundulika kwamba Cougar Point, familia ile ya Q65, ilikuwa na transista moja kwenye saa ya milango ya SATA inayopokea volti kubwa kupita kiasi, na kwamba kadiri miaka inavyokwenda milango minne kati ya sita ingedhoofika. Intel wakasimamisha usafirishaji na kukadiria gharama ya kurekebisha na kubadilisha kuwa dola milioni 700, pamoja na milioni 300 za mauzo yaliyopotea. Chipu iliyobakiwa na kazi ndogo iliweza kutikisa kampuni nzima.

Na sasa turudi kwenye kukataa. Mwaka 2015 Intel walitoa soketi ya LGA 1151 kwa prosesa za kizazi cha sita, cha saba kikafuata mwanzoni mwa 2017. Oktoba 2017 kikaja kizazi cha nane, pia LGA 1151, umbo lilelile, vituo 1,151 vilevile, lakini chipseti za zamani hazikuruhusiwa. Intel walisema prosesa za viini sita zinahitaji umeme zaidi, na ni kweli kwamba baadhi ya vituo vilivyokuwa havina kazi vilipewa kazi ya kupitisha umeme. Muda si mrefu wapenzi wa vifaa wakaziba vituo kadhaa kwa utepe, wakaihariri BIOS, na bodi za Z170 za mwaka 2015 zikawaka na prosesa za viini sita. Si bodi zote zingehimili, nakubali. Lakini uamuzi wa kuzikataa zote haukutoka kwenye waya.

AMD nao hawakuwa malaika. Soketi yao ya AM4, iliyopokea Ryzen ya kwanza Machi 2017, ilinadiwa kwamba itadumu. Mei 2020 wakatangaza kwamba Ryzen za kizazi cha Zen 3 hazitakubaliwa na chipseti za B450 na X470, bodi ambazo baadhi ya watu walikuwa wamezinunua miezi michache tu kabla. Sababu waliyoitoa haikuwa ya uongo: chipu ya BIOS kwenye bodi nyingi ilikuwa na megabaiti 16 tu, na orodha ya prosesa za kutambuliwa ilikuwa imejaa. Kelele zikapanda, na haikupita wiki mbili AMD wakageuka. Nafasi ikapatikana kwa kuzifuta prosesa za zamani kwenye orodha. Kampuni ya MSI ilikuwa tayari imewahi kuondoa picha na mapambo kwenye ukurasa wa BIOS wa bodi zake ili prosesa mpya zipate pa kuandikwa. Mwaka 2022 hata bodi za kwanza kabisa, za X370 na B350, zilifunguliwa njia, na mtu mwenye bodi ya 2017 aliweza kuweka Ryzen 7 5800X3D ya Aprili 2022. Miaka mitano, bodi moja.

Soko la mtumba lina ustadi wake wa kuipita milango hii, na mfano ninaoupenda ni wa LGA 775. Soketi hiyo ilitoka mwaka 2004 na bodi zake, hasa za G41, bado zinafanya kazi za kuchapa na kutoa nakala katika steshenari nyingi. Prosesa yake nzuri ya viini vinne, Core 2 Quad Q9650, ilibaki ghali muda mrefu. Lakini pacha wake wa seva, Xeon E5450, wa kasi ileile ya gigahezi 3 na akiba ileile ya megabaiti 12, alitupwa kwa wingi seva zilipostaafishwa. Xeon hiyo ni ya LGA 771. Tofauti ya maana ni vituo viwili vilivyobadilishana nafasi na vipengele vya pembeni vilivyohamishwa. Wachina wakachapa stika nyembamba yenye mistari miwili ya shaba: unaibandika chini ya prosesa, inavuka vile vituo viwili. Kisha unachukua wembe na kukata meno mawili ya plastiki ya soketi, polepole, maana chini yake kuna pini nyembamba zinazopinda ukizigusa tu. BIOS ikiitambua Xeon, mashine inawaka kama imezaliwa nayo.

Ujanja wa namna hiyo unaishia kwenye mstari ambao sasa wanunuzi wa mashine za ofisi wanakutana nao. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, ukiondoa prosesa chache za kizazi cha saba, inataka Intel ya kizazi cha nane na kuendelea. Tazama Dell OptiPlex 7050 na 7060. Ni mashine za karibu sawa kwa sura, zote za LGA 1151, na dukani zinaweza kupangwa rafu moja. Ya kwanza ina chipseti ya Q270 na mwisho wake ni Core i7-7700. Ya pili ina Q370 na inaanzia kizazi cha nane. Anayenunua 7050 akidhani ataiongezea prosesa ya kizazi cha nane baadaye amezuiwa mara mbili: Microsoft hawaitaki prosesa aliyonayo, Intel hawamruhusu kuweka anayoitaka. Ukiiwekea Linux Mint, 7050 hiyohiyo yenye RAM ya gigabaiti 16 inafanya kazi za ofisi bila kuulizwa kizazi. Kwa anayelazimika kutumia Windows, aombe programu ya CPU-Z ifunguliwe hapo dukani na asome mstari wa chipseti kabla hajataja bei.